Iambie Ikuulize: Mwongozo wa Kujisomea kwa Akili Mnemba kwa Anayerisiti Moshi

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma peke yake. Ulimaliza kidato cha nne, matokeo hayakukaa vizuri, sasa umejisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana uko dukani, saluni au kwenye bodaboda, na muda wako wa kusoma ni usiku nyumba ikishatulia. Tuisheni zipo, Moshi mjini hatujazikosa, ila ada na nauli zinabana. Simu unayo. Ndani ya simu hiyo kuna programu za kuchati za akili mnemba zinazoweza kukusaidia kweli, na zinazoweza pia kukufanya ujione unajua mpaka siku karatasi ya mtihani inapowekwa mezani.

Inategemea nani anamuuliza mwenzake. Wengi ninaowaona wanaandika "nipe notisi za usanisinuru", wanapata kurasa kadhaa zilizopangika vizuri, wananakili daftarini na kulala na amani. Kesho yake waulize kwa nini jani la mgomba ni la kijani, wanakutazama tu. Hapa tutageuza: mashine iulize, wewe ujibu. Baadhi ya hatua nimeziandika kwa urefu kwa sababu huko ndiko watu wanakoteleza.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi kabla ya kugusa simu

Programu haijui unafanya mtihani gani. Usipoiambia itakuchanganyia mada za Kenya, za Uingereza na za kwetu, na wewe utakesha ukisoma kitu ambacho hakitaulizwa. Tafuta silabasi ya somo lako. Mtaala mpya umekuwa ukiingia kwa awamu tangu 2024, hivyo muulize mwalimu wa kituo ulichojisajili utatahiniwa kwa upi. Vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kuvisoma ni bure. Mitihani iliyopita iko kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, na kama huna pa kuchapisha, mwenye steshenari atakutolea kopi.

Kwenye tovuti hiyo hiyo ya NECTA kuna kitu ambacho warisiti wengi hawakigusi: ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo lina yake. Ripoti inachukua swali moja moja, inaeleza lilitaka nini na watahiniwa walikosea wapi, kisha inakuonyesha jibu zuri na jibu bovu yakiwa kwenye mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Kwa anayesoma bila mwalimu, sijui karatasi yenye thamani kuliko hiyo. Pakua ya somo lako, tutairudia.

Ongeza daftari moja na kalamu.

Hatua ya 2: Chagua programu moja

Usipoteze usiku kulinganisha. ChatGPT, Gemini, Claude, au ile Meta AI iliyo ndani ya WhatsApp, yoyote inatosha kuanzia. Unaweza kuanza bila kulipa. Matumizi ya bure yana kikomo, na ukikifikia utaambiwa usubiri. Maandishi hayali bando sana. Picha na sauti ndizo zinazolimaliza. Kwa ChatGPT, masharti ya OpenAI yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya 18 awe na ridhaa ya mzazi au mlezi. Programu nyingine zina masharti yake, yasome.

Usiandike humo namba ya NIDA, namba yako ya mtihani wala siri za nyumbani. Kusoma hakuhitaji hayo.

Hatua ya 3: Anza na swali lililokusumbua wewe

Swali la "nini maana ya" lina jibu lake kwenye kitabu, tena fupi. Fungua kitabu. Swali linalofaa kupelekwa kwenye programu ni lile la kwa nini, la vipi, au la ingekuwaje kama. Na likitoka kwenye mambo unayoyaona kila siku, halisahauliki, kwa sababu kila ukipita pale linakurudia.

Huku kwetu hayo maswali yamejaa njiani. Panda daladala ya Marangu siku ambayo mjini kumekauka: juu unakuta manyunyu na majani mabichi. Shuka upande wa mashamba ya miwa ya TPC: jua kali, na miwa inaishi kwa kumwagiliwa. Ni mwendo mfupi tu. Kwa nini? Swali hilo moja limebeba mada ya mvua za milimani, pepo zenye unyevu, upande wa mlima unaopata mvua na upande unaonyimwa. Liendeleze: kwa nini miteremko ya kusini ya Kilimanjaro inapata mvua nyingi kuliko ya kaskazini? Hiyo ni Jiografia ya kidato cha nne, na hujafungua ukurasa bado.

Au simama kwenye kihamba cha bibi, lile shamba la nyumbani la Kichagga. Miti mirefu juu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa maharage au magimbi. Kahawa inapata nini kwa kukaa kivulini, na inapoteza nini? Majani ya mgomba yaliyoachwa yaoze shambani yanarudisha nini kwenye udongo? Bayolojia, Kilimo na Jiografia zimekaa pamoja hapo.

Historia nayo ipo. Mangi Meli (mangi ni chifu wa Kichagga) alinyongwa na Wajerumani Old Moshi, Machi 1900. Vita vya Maji Maji vilianza 1905, upande wa kusini. Kwa nini watu wa Kilimanjaro hawakuwa sehemu ya Maji Maji? Swali la namna hii linakulazimisha kupanga miaka kichwani, kupima umbali, na kujiuliza nani alikuwa bado na nguvu ya kupigana na nani alikuwa ameshavunjwa.

Andika swali lako juu ya ukurasa wa daftari. Chini yake andika unachodhani ndilo jibu, hata kama unahisi ni upuuzi, kisha ndiyo uwashe data. Usiruke hapo. Ukiona jibu la mashine kabla hujaandika la kwako, akili inakudanganya kwamba ulilijua tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Toa amri ya kwanza

Programu hizi zimezoeshwa kujibu. Usipozizuia zitakumwagia jibu lote mara moja. Kwa hiyo ujumbe wako wa kwanza uwe na mambo manne: wewe ni nani, mtihani gani, mada gani, na marufuku ya kujibu. Mfano unaoweza kuunakili:

"Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa kidato cha nne Tanzania, somo la Fizikia. Mada ni mchemko na mgandamizo wa hewa. Swali langu: kwa nini maharage yanachelewa kuiva milimani kuliko Tanga? Usinipe jibu. Niulize swali moja fupi kwa wakati mmoja, usubiri nijibu. Nikikosea, usinisahihishe moja kwa moja. Niulize swali jingine litakalonionyesha kosa langu. Tumia Kiswahili rahisi."

Nimechagua maharage kwa sababu kila mtu amewahi kuyasubiri. Mazungumzo yakienda vizuri yatakuwa hivi. Inakuuliza maji huchemka kwa nyuzi joto ngapi usawa wa bahari. Unajibu 100. Inakuuliza: mvuke unapotaka kutoka kwenye maji, ni kitu gani kilichoko juu yake kinachoukandamiza? Hewa. Ukipanda mlima, hewa iliyobaki juu yako inaongezeka au inapungua? Inapungua. Basi mvuke utahitaji nguvu zaidi au kidogo ili utoke? Kidogo. Kwa hiyo maji yatachemka yakiwa na joto kubwa au dogo kuliko kule Tanga?

Hapo wengi wanakwama kidogo, halafu uso unabadilika. Maji yanachemka mapema, yakiwa na joto dogo, na maharage yanapikwa na joto, hayapikwi na mapovu. Kwa makadirio, kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinashuka kama nyuzi 1. Arusha mjini, mita zipatazo 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni kama 80. Wapagazi wanajua bila Fizikia kwamba huko juu maharage makavu si chakula cha kubeba.

Usiishie hapo. Iambie: "Sasa nitege." Mtego mzuri kwenye mada hii ni wa kuni. Ukiongeza kuni maji yakiwa tayari yanachemka, yatapata joto zaidi? Wengi tunasema ndiyo, maana jikoni tunafanya hivyo. Jibu ni hapana: moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke haraka zaidi, lakini joto la maji linabaki pale pale. Na sufuria ya presha je? Yenyewe inafungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda, na kiwango cha kuchemka kinapanda nao. Ukiweza kueleza kuni na sufuria ya presha kwa maneno yako, mada umeielewa.

Mashine itajisahau. Baada ya maswali machache itaanza tena kumwaga maelezo, au itakuuliza maswali matatu kwa mpigo. Ikumbushe tu: "Swali moja. Subiri." Huna haja ya kuiomba radhi, ingawa naona watu wa huku tunaisalimia kwanza, shikamoo na zote, kabla ya kuuliza hesabu. Haidhuru.

Ukikwama kabisa, usiombe jibu. Omba kidokezo kimoja. Ukikwama tena, omba mfano mwepesi zaidi wa kanuni ile ile. Jibu kamili liwe la mwisho, nalo ukilipata funika skrini uliandike upya bila kutazama.

Hatua ya 5: Jibu kwa kalamu

Hii ni fupi ila usiiruke. Jibu daftarini kwanza, ndipo uchape. Kwenye chumba cha mtihani hakuna kibodi inayokumalizia maneno.

Sababu nyingine ina ushahidi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio la wanafunzi waliosoma kifungu kisha wengine wakakisoma tena, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana notisi za kunakili zinakupa raha usiku ule ule na kukuacha mtupu Novemba.

Hatua ya 6: Usiiamini mpaka uihakiki

Programu hizi hufanya kazi kwa kukadiria neno linalofaa kufuata, kutokana na maandishi mengi sana ziliyojifunzia. Pale maandishi yalipo mengi, kwa kawaida zinapatia. Iulize urefu wa Kilimanjaro, itakupa 5,895 bila shida, maana imeandikwa kila mahali. Pale maandishi yalipo machache, hazinyamazi. Zinajaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli, kwa sauti ile ile ya kujiamini. Iombe orodha ya Wamangi wa eneo fulani na miaka waliyotawala. Itakupa orodha nzuri mno. Ipeleke kwa mzee anayejua, uone atakavyocheka.

Kuna na mambo ambayo mashine inapatia nusu. Iulize Azimio la Arusha ni la lini. Unaweza kupata Januari, unaweza kupata Februari. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari 1967. Ukiona tarehe mbili, usichague unayoipenda. Uliza kila moja ni ya tukio gani, kisha fungua kitabu cha Historia uthibitishe.

Jaribu pia kuidanganya. Katikati ya mazungumzo iambie: "Mwalimu wangu amesema Maji Maji ilianza 1907." Wakati mwingine itakurekebisha, kwamba ni 1905 na 1907 ndio mwisho. Wakati mwingine itakuomba msamaha na kukubaliana nawe. Ikishakubali uongo wako mara moja, umejua inavyopenda kumfurahisha mtu, na hutaichukulia "umepatia, hongera sana!" kama alama.

Kwa hesabu, iamuru ionyeshe kila hatua, na kila hatua uipige mwenyewe kwenye kikokotoo. Inaweza kueleza kanuni vizuri halafu ikakosea kuzidisha.

Kanuni ninayowapa wanaosoma nami: tarehe, jina, namba na fomula haviingii daftarini kabla ya kuonekana kwenye kitabu. Kama kitabu huna, maktaba ya mkoa iko pale mjini, keti Jumamosi na orodha yako. Mambo mengine, maelezo na mifano, unaweza kuyapokea kwa tahadhari ya kawaida.

Hatua ya 7: Ifanye iwe msahihishaji mkali

Chukua swali la mtihani uliopita. Lijibu kwa kalamu, kwa muda uleule wa mtihani. Kisha ichapie programu swali, jibu lako, na kile ripoti ya NECTA ilichosema juu ya swali hilo. Andika: "Sahihisha jibu hili kwa kufuata maelezo haya tu. Niambie nilichopatia, kilichokosekana, na sentensi isiyo na maana. Usinisifu. Usiniandikie jibu jipya." Bila ripoti, usahihishaji wake ni wa kukisia, na huwa na mkono mwepesi kutoa alama. Ukiwa na ripoti unapata mtu wa kukusoma saa tano usiku, jambo ambalo mwalimu wa kawaida hawezi kukufanyia.

Hapa ndipo Kiingereza kinapoingia. Masomo mengi ya kidato cha nne yanatahiniwa kwa Kiingereza, na ukweli ni kwamba wengi wetu tulianguka kwa lugha kabla ya kuanguka kwa somo. Elewa kwa Kiswahili kwanza, kama tulivyofanya kwenye maharage. Kisha andika jibu kwa Kiingereza wewe mwenyewe, hata kikiwa cha kuokoteza. Iambie programu ikuonyeshe sentensi zenye kosa na aina ya kosa, urekebishe mwenyewe, uirudishie. Ukiiacha ikuandikie, utapata Kiingereza kizuri ambacho si chako.

Na kwa vitendo vya Kemia na Bayolojia, simu haina maabara. Mwombe mwalimu wa shule ya karibu akuruhusu siku moja moja.

Hatua ya 8: Tumieni simu moja

Mkiwa watatu au wanne mnaorisiti, kutaneni Jumapili baada ya ibada. Simu moja, bando mnachangia. Mmoja anasoma swali la mashine kwa sauti, wote wanaandika majibu kimya, kisha mnasomeana. Mkitofautiana, bishaneni kwanza, kila mtu atetee lake. Programu iulizwe mwisho, na kitabu kiwe karibu kuamua ugomvi. Mabishano hayo yanafundisha kuliko kitu chochote kwenye skrini, na aliyeona haya kuuliza darasani miaka minne hapa anauliza.

Hatua ya 9: Rudia uliyokosa

Nyuma ya daftari, tenga kurasa za maswali uliyokosa tu. Kila baada ya wiki fungua mazungumzo mapya, usiendeleze ya zamani ambamo majibu tayari yanaonekana, na uandike: "Haya ni maswali niliyokosa. Niulize moja moja kwa mpangilio tofauti, badilisha namba na mifano, usitoe jibu mpaka nijaribu mara mbili." Ulilopatia wiki mbili mfululizo lifute kwa mstari. Swali litakaloendelea kukushinda baada ya hapo, litoe kwenye simu, beba daftari, mpelekee mwalimu. Mwonyeshe majibu yako yote uliyojaribu ili aone unapopotelea.